Mama Pasi Ampeleka Mumewe Ufukweni

Kama ulikuwepo gatini asubuhi ile boti iliposhusha watu kisiwani, basi ulimwona. Mwanamke wa makamo, mabega mapana, kakamata vishikio vya kiti cha magurudumu kwa mikono miwili. Na kitini mzee wa watu, kavalishwa shati jeupe pee, kofia ya ukindu kichwani, mate yakimchuruzika upande mmoja wa kidevu. Abiria waliwapisha. Wapagazi wawili wakamnyanyua mzee pamoja na kiti chake, juu juu mpaka nchi kavu, na mmoja wao akafuta jasho akasema, "Mama, wewe ndiye mke. Wengine huyu wangeshamtupa zamani."

"Ngoja kwanza, baba," mama akajibu huku akicheka. "Ndiyo kwanza tumefika."

Mpagazi naye akacheka. Alidhani anataniwa. Maskini hakujua kwamba ameambiwa ukweli mtupu: Mama Pasi alikuwa amekuja kisiwani kumtupa mumewe, na tiketi ya kurudia aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu mmoja.

Sasa msianze kumlaani kabla hamjamjua. Jina la Mama Pasi hakupewa na wazazi, alipewa na wenzake wa kwenye dobi, ndani ya kile chumba kirefu chenye meza zilizopangwa mstari, mvuke mpaka darini, na redio ambayo hakuna aliyewahi kuisikia vizuri. Alianza kupiga pasi angali msichana. Ncha za vidole vyake zilikwisha kuungua na kukomaa hata akinyanyua kifuniko cha sufuria jikoni hatafuti kitambaa. Mdomo nao alijaliwa. Mteja akileta suruali yenye doa la aibu na kusingizia chai, Mama Pasi humuuliza hiyo chai ilikuwa inanywewa wapi. Watu walimwogopa na bado walipanga foleni kwenye meza yake, kwa sababu shati likitoka mkononi mwa yule mwanamke unaweza kwenda nalo kuposa.

Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake kupita sokoni na madukani kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Mtanashati, mrefu, ulimi wa asali. Kila mwanamke kwake ni "mama yangu mzuri", hata muuza samaki aliyemfungia mizani jana yake. Na alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa semina. Semina ya mizani mipya. Semina ya mizani ya zamani. Semina ya kutathmini semina iliyopita. Wanawake wa dobi wakambatiza Bwana Semina, naye, mtu mzima ovyo, akalipokea jina kama cheo.

Kila alipoitwa semina, mkewe humpigia pasi mashati manne. Anayatia wanga, anayanyoosha, anayakunja kwa namna yake mwenyewe: mikono nyuma, karatasi ngumu chini ya kola, kifungo cha tatu kiachwe wazi ili kola isivunjike. Na kila aliporudi, mkewe akifungua begi anayakuta mashati matatu vile vile alivyoyapanga. Hayajavaliwa. Hayajafunguliwa hata. Karatasi ipo, kifungo cha tatu kiko wazi. Mtu mwingine angeyarudisha kabatini na kushukuru kwamba kazi imepungua, lakini mpiga pasi anaujua mkunjo wake. Tena kwenye pindo za suruali, mchanga. Mchanga mweupe, laini, wa ufukweni. Semina gani hiyo jamani, watu wazima wanakaa vifua wazi mchangani?

Hapo ndipo Mama Pasi alipokosea, na lile kosa asingelifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa mpiga pasi. Alinyamaza. Alijiambia kwamba huko aendako, siku moja mumewe atafungua begi mbele ya huyo hawara wake, atayaona mashati yalivyokunjwa, na moyo utamsuta. Atakumbuka kwamba nyumbani kuna mtu. Na huyo mwanamke naye, akiyaona, atajua anashindana na nani. Basi kila semina ikawa anazidisha. Akatafuta wanga mzuri zaidi. Akaanza kunyunyizia kola maji ya waridi. Miaka nenda miaka rudi, Mama Pasi anapigana vita na mwanamke asiyemjua sura, silaha yake pasi. Wenzake wakamwambia, "Mwenzetu, mpasulie ukweli huyo!" Naye akajibu, "Mwacheni. Atachoka."

Hakuchoka. Kilichomkomesha ni kiharusi, kilichomwangusha sokoni mchana kweupe mbele ya muuza nyanya. Upande wa kulia ukafa, mguu na mkono. Kauli ikakatika, na katika maneno yote matamu aliyokuwa nayo, akabakiwa na moja tu: "Bado." Umeshiba? Bado. Unaumwa wapi? Bado. Wewe ni nani? Bado. Daktari alisema akili yake iko sawa, anasikia na kuelewa kila kitu, ila mlango wa maneno umejifunga. Afundishwe taratibu, wengine hurudi.

Mama Pasi akaacha kazi, maana mgonjwa wa kugeuzwa na kusafishwa hawezi kuachwa peke yake. Akamfundisha. Kila asubuhi, baada ya kumwogesha na kumbadilisha nepi, anamkalisha mbele ya kioo, anamshika kidevu: "Sema, mke wangu."

"Bado."

"Haya, tuache hilo, ni refu. Sema asante."

"Bado."

Mwezi, mwaka, mwaka mwingine. Alimbembeleza, alimwimbia, alimpiga kofi siku moja halafu akakaa sakafuni akalia. Hakuwa anataka makubwa. Asante moja, hata ya kusuasua, ingemtosha. Alipokwenda kwa wifi yake kuomba amsaidie angalau wiki moja, wifi alimtazama kwa jicho kavu akasema, "Mume ni wako, wifi yangu. Sisi tulikupa mzima." Binti yao alikuwa ameolewa mbali; alipiga simu Jumapili, akalia, akakata.

Halafu akaja yule rafiki wa mumewe wa kazini kumjulia hali mgonjwa. Domo kaya, mtu mwema, hajui kufunga mdomo. Alikunywa chai, akamtazama Bwana Semina akitokwa na udenda, akatikisa kichwa: "Na yule wa kisiwani, shemeji, alishawahi kuja kumwona?"

Mama Pasi akaweka kikombe chini polepole. "Yule yupi, shemeji? Maana wako wengi."

"Si yule mwenye hoteli. Mjane. Ile hoteli ndogo ya kando ya maji." Kisha akamwona shemeji yake alivyobadilika uso, akajua ameharibu, akaanza kutafuta kofia yake. Lakini Mama Pasi alikuwa amekwisha kumkalia mlangoni, na mgeni hakutoka mpaka akalitaja jina la hoteli.

Pengine yote yangeishia hapo, kwenye uchungu tu, kama si mama mwenye dobi. Alikuja mwenyewe nyumbani. Anafungua dobi la pili mji mwingine, anataka msimamizi wa meza zote za pasi, na hamwamini mtu isipokuwa Mama Pasi. Juu ya dobi kuna chumba cha kulala, kitanda kimoja, dirisha linatazama barabara. "Ila uje peke yako, mwenzangu. Sitaki mgonjwa juu ya vichwa vya wateja. Jumatatu asubuhi nafungua. Nikikuona, kazi yako. Nisipokuona, naweka mtu, na usininunie."

Siku ile Mama Pasi hakula. Alikaa kwenye kigoda akiwaza kitanda kile kimoja. Kulala usiku kucha bila kusikiliza kifua cha mtu. Kunuka mvuke na sabuni badala ya mkojo. Mwisho akasimama, akaingia chumbani, akainama sikioni mwa mumewe.

"Tunakwenda mapumziko, baba. Kisiwani. Kwenye ile hoteli yako."

Jicho zima la Bwana Semina likamtoka pima.

"Yule aliyekuchukua wakati wa kucheza," akamwambia, "na akuchukue wakati wa nepi."

Basi ndiyo hivyo wakafika. Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ndefu nyeupe, vyumba vimepangana vikitazama maji, na mchanga ukianzia pale pale barazani. Mchanga ule ule wa kwenye pindo. Mama Pasi aliuchota kidogo, akausugua kwa vidole, akautambua.

"Mwenye hoteli yupo?" akamuuliza mhudumu wa mapokezi.

"Kasafiri, mama. Atarudi Jumapili kwa boti ya asubuhi. Una shida naye?"

"Hapana. Nimemletea mzigo wake."

"Uache tu hapa, nitampa."

"Huu haupokelewi na mtu mwingine," alisema Mama Pasi, akasukuma kiti kwenda chumbani.

Kwa hiyo ikabidi wangoje, Ijumaa na Jumamosi, mume na mke, kama wapumzikaji wengine. Chumba kilikuwa kimepambwa. Maua yamemwagwa kitandani, mataulo yamekunjwa mfano wa ndege wawili wanaobusiana. Mama Pasi akawatazama wale ndege kwa dharau. "Kazi mbovu hii," akasema, akawafumua, akayakunja mataulo upya yakakaa kama yametoka dukani. Kisha akamtandikia mumewe nailoni juu ya maua.

Ufukweni alimweka chini ya mwavuli, yeye mwenyewe akajinyoosha kwenye kitanda cha kuotea jua. Wahudumu walimbembeleza: mama unywe nini, mama ule nini. Akala samaki wa kuchoma mzima mzima, mbele ya macho ya mumewe, analamba vidole. Mzee akalishwa uji wake kwa kijiko, maana meno na koo havimruhusu kingine. Na katikati ya vijiko akawa anamhoji kwa upole kabisa, kama anayepiga soga.

"Mlikuwa mnakaa hapa? Au pale karibu na miamba?"

"Bado."

"Alikuwa anakukanda mgongo? Eh? Mimi nakukanda mgongo kila siku, hujawahi kunisifu."

"Bado."

"Na mashati yangu mlikuwa mnayafanyia nini? Mnafutia madirisha?"

Jicho la Bwana Semina likajaa maji. Mama Pasi akaliona, akaridhika, akaagiza soda nyingine.

Pembeni yao walikuwapo vijana wawili, bwana na bibi harusi, bado wanashikana mikono hata wakinywa maji. Bibi harusi alikuwa akiwatazama muda mrefu. Mwishowe akashindwa, akaja na simu yake. "Mama, samahani. Tunaomba kupiga picha na nyinyi. Tumekuwa tukiwaona tangu jana, jinsi unavyomlisha baba. Sisi tunaomba tu tuzeeke kama nyinyi."

"Mungu awajalie," alisema Mama Pasi, akamfuta mumewe mdomo ili picha itoke safi.

Jumamosi mchana alifanya jambo ambalo hakulikusudia. Aliingia majini. Kwanza miguu, kisha magoti, kisha akajilaza, gauni na yote, na maji yakambeba. Mtu aliyesimama mezani maisha yake yote hajui kubebwa. Aliangalia mbingu, akacheka peke yake. Akatoka, akajitupa kwenye kitanda chake na usingizi ukampitia, ule usingizi wa kufa kabisa, ambao hakuupata tangu kiharusi kiingie nyumbani.

Alipoamka, jua lilikuwa limehama. Kivuli cha mwavuli kilikuwa kimekwenda zake kule, na Bwana Semina alikuwa juani, sijui kwa muda gani, hana pa kwenda wala sauti ya kuitia mtu. Midomo imempasuka. Nzi wanatembea kwenye kona ya jicho, na ule mkono mmoja unaofanya kazi umechoka kuwafukuza, umelala pajani. Mama Pasi akashtuka, akamvuta kivulini, akamnywesha maji, akampaka mafuta usoni. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Kwa dakika chache akamshika mkono, yule mkono mzima, na Bwana Semina akaubana mkono wake.

"Samahani, baba," akasema. "Nililala."

"Bado," akajibu mumewe, taratibu.

Ninawaambieni ukweli: kama angesema "asante" saa ile, hata "asa" tu, Mama Pasi angekunja virago, akamrudisha nyumbani, akaisahau Jumatatu na dobi lake. Alingoja. Alimtazama mdomoni kama anavyotazama pasi ianze kupata moto. Mumewe akauachia mkono, akageuza shingo, akatazama njia ya gatini. Na mke akaelewa kwamba hata siku ile, na midomo iliyopasuka, mtu huyu alikuwa anangoja boti ya Jumapili kwa hamu kuliko yeye.

Akainuka. Aibu ikaisha hapo hapo.

Jumapili akamwogesha mapema, akamvalisha shati jeupe alilotoka nalo nyumbani limekunjwa, lenye wanga. Akapanga mabegi mawili. Lake dogo. La mumewe kubwa: nepi, vidonge, nailoni, kijiko kirefu, mafuta ya vidonda. Akamsukuma mpaka mapokezi, akakaa naye bega kwa bega, na maneno yake ya kumkabidhi hawara akawa ameyanoa vizuri. Angesema: mzigo wako huu, ulikuwa kwangu kwa bahati mbaya. Angesema mbele ya wahudumu na wageni wote, kisha ageuke, asiangalie nyuma mpaka botini. Alimtarajia mwanamke mwenye kucha ndefu na nyusi za kuchora. Alitaka aone zile kucha zikishika nepi.

Aliyeingia alikuwa mama mnene kidogo, ndala miguuni, kapu la mboga mkononi, mvi zinachungulia kwenye kilemba. Shavuni ana alama moja nyeusi, mviringo. Akasema, "Habari za asubuhi, wageni," bila kutazama vizuri, na akawa anapita kwenda jikoni.

"Kidoti," akasema Bwana Semina.

Wazi kabisa. Silabi zote tatu, hakuna hata moja iliyochechemea.

Kapu likaanguka. Mama Pasi aligeuka kumtazama mumewe kwa sababu kwanza hakuamini kwamba sauti ile imetoka kwake. Nusu moja ya uso ule ilikuwa imekufa kama kawaida, na nusu ya pili ilikuwa inacheka. Inacheka! Machozi yanamiminika, mkono mzima umenyooshwa mbele. "Kidoti. Kidoti. Kidoti."

Yule mwanamke alikuwa amekwisha kupiga magoti, kashika ule mkono, anaubusu, anaupaka machozi. "Nilijua umenichoka," alikuwa akisema. "Simu ikazima, nikasema basi, kapata mwingine. Kumbe ni haya! Kumbe ni haya!" Akamshika bega, vidole vikapita kwenye kola ya shati, akainua uso kumtazama Mama Pasi kwa shukrani. "Na hata leo amevaa shati lake. Nayajua mashati haya mimi. Alikuwa haniruhusu niyaguse, anasema ana dobi mmoja hodari, nisimharibie kazi yake. Wewe ndiye dada yake? Alinisimulia. Tangu mkewe afariki, anaishi na dada yake."

Mhudumu wa mapokezi akajifanya anatafuta kalamu.

"Mimi ndiye marehemu," alisema Mama Pasi. "Na dobi ni mimi pia."

Ilichukua muda kumwingia yule mwanamke. Ilipomwingia, aliushika mdomo wake kwa mikono miwili, na katika macho yake hapakuwa na ujanja wowote. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ingekuwa nafuu angekuwa mshenzi. "Nilikuwa nakuombea," akasema kwa sauti ndogo. "Kila nikisali, dada yangu. Nilikuwa nakuombea upumzike."

Mama Pasi akatazama sakafuni. Maneno yote aliyoyanoa yalikuwa yameanguka pamoja na zile mboga.

"Nisamehe," Kidoti akaendelea, bado yuko magotini. "Sitajitetea. Lakini wewe umechoka, nakuona. Niachie. Wallahi niachie. Mimi hapa sina mtu, nina vyumba, nina wahudumu wa kunisaidia kumgeuza. Nitamwogesha, nitamlisha. Sitaki chochote kwa yeyote. Wewe nenda kapumzike, dada yangu. Umefanya vya kutosha."

Haya, sasa. Lile alilolifuata lilikuwa limewekwa kiganjani mwake. Hakuhitaji kugombana, wala kutupa maneno. Alitakiwa kusema "sawa" tu, akachukua begi lake dogo, na usiku ule angelala juu ya dobi, kwenye kitanda kimoja, dirisha linalotazama barabara. Jumatatu angeishika pasi yake. Alijua hivyo. Alikiona chumba kile waziwazi kuliko alivyomwona Kidoti.

Lakini alimtazama tena mumewe. Bwana Semina alikuwa anamtazama mkewe, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na ile nusu ya uso ilikuwa inaomba. Yule aliyefundishwa "mke wangu" mbele ya kioo miaka yote ile akashindwa, jina la mwanamke mwingine limemtoka bila mwalimu. Na baada ya kumpunja mtu mizani maisha mazima, sasa anataka azawadiwe: bahari, kivuli, na Kidoti wa kumfuta mate kwa kumbusu. Mama Pasi alikuja kumtupa jalalani. Hakuja kumpeleka harusini.

Wivu? Ndiyo, wivu. Tusiupake rangi.

"Mume haachwi hotelini kama mwavuli," akasema, akafungua breki ya kiti. "Boti inatungoja."

"Dada, nakusihi..."

"Tumeshapumzika. Hoteli nzuri. Mataulo tu hamjui kuyakunja."

Bwana Semina alipoelewa, alipiga kelele. Alishika fremu ya mlango kwa ule mkono mmoja, na mkewe akavibandua vidole, kimoja kimoja, bila hasira, kama anavyobandua lebo kwenye nguo. Kidoti akawafuata mpaka gatini, ndala zimemtoka, analia mbele ya watu bila kujificha. Bibi harusi na bwana harusi wake walisimama barazani, mikono yao imeachana. Wapagazi wakambeba mzee na kiti chake, safari hii wamenyamaza, maana alikuwa anajirusha. Tiketi ya pili Mama Pasi akaikata hapo hapo dirishani.

Botini alikaa karibu naye, begi kubwa miguuni. Alikuwa anajua vizuri sana alichokifanya. Kesho asubuhi dobi litafunguliwa, mama mwenye dobi atatazama mlango mara mbili, kisha ataweka mtu. Na yeye atakuwa nyumbani, anamgeuza ubavu mtu huyu, anamtia poda, anachemsha uji. Na keshokutwa hivyo hivyo, na mwaka kesho, mpaka mmoja wao afe, na daktari alikwisha kusema kwamba moyo wa mzee ni mzima kabisa. Amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alilijua hilo, na kama boti ingerudi nyuma saa ile angefanya vile vile.

Mkabala nao alikaa abiria mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni. Aliwatazama kwa huruma tangu boti inang'oa nanga, akashindwa kujizuia.

"Pole, dada. Mzee anahangaika. Anataka nini, maji?"

"Kidoti," alisema Bwana Semina, shingo imegeukia kisiwani. "Kidoti. Kidoti."

"Kidoti ndiyo nani?"

Mama Pasi akaangalia huku na huku. Watu wa benchi zima walikuwa wamegeuka, wanamsubiri.

"Ni mimi," akasema. "Ndivyo anavyoniita."

"Jamani!" Yule mama akashika kifua. "Mpaka kwenye ugonjwa jina lako haliachi mdomo wake! Wewe una bahati, dada yangu. Una bahati kubwa."

"Kidoti," alilia mzee.

Mama Pasi akatoa kitambaa, akamgeuza uso taratibu utazame mbele, akamfuta mate. Kisha akakikandamiza mdomoni na kukishikilia pale pale, kwa ule mkono wake wa pasi, mpaka boti ikafika. Pua alimwachia.